Hema la nyota lililogeuzwa nje ndani

Saa tatu asubuhi. Kiwanja cha shule kimeshaanza kushika joto. Fundi amepiga magoti juu ya saruji, pini tatu kaziuma mdomoni, anafunga mkono wa kitambaa cheusi kwenye uso wa feni kubwa. Anaukaza kwa kamba, anautikisa aone kama utashika, kisha anamwinulia wifi yake kidole: washa.

Feni inanguruma. Rundo la kitambaa lililolala katikati ya kiwanja linashtuka, linavimba upande mmoja, linaegama kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, halafu taratibu linanyanyuka. Ni hema la mviringo, jeusi tititi, refu kupita mlango wa darasa. Ndani yake wanaweza kulala watu ishirini bila kukanyagana.

Waliowahi wanalizunguka. Wanalitazama, wanatazamana. Kisha mmoja anashindwa kujizuia.

"Fundi! Mbona umelivalisha nje ndani?"

Kicheko kinapita kiwanja kizima. Na aliyesema hajakosea. Kila mshono wa hema hilo uko nje, hadharani: kingo zilizokatwa, nyuzi zinazoning'inia, alama za chaki. Uzi wenyewe unaanza mweusi, katikati unageuka mweupe, na mlangoni unamalizia na rangi ya damu ya mzee, ile ya sketi za shule. Kuna kiraka kikubwa kama sahani. Utasema kazi ya mtu aliyeanza kujifunza juzi.

Fundi anatoa pini mdomoni, moja moja, anazichomeka kwenye kola. "Nimeona," anajibu. "Mimi mwenyewe ndiye niliyeligeuza."

Halafu anatupa jicho kwenye lango la shule. Tangu afike amelitazama lango hilo mara nyingi. Kuna mtu ameahidi kuja, na Fundi angependa sana mtu huyo leo ashikwe na mafua, alale.

Mtaani wanamwita Fundi Giza. Jina lilianza kama utani wa watoto walipomwona anakata kitambaa cheusi kutwa, naye akalipokea kwa mikono miwili. "Afadhali Giza," anasema. "Kabla ya hapo nilikuwa Fundi Kaptura."

Na kaptura ameshona, si mchezo. Miaka kumi na tano ameketi kwenye kibaraza kimoja, nyuma ya cherehani moja ya miguu, akishona sare za shule. Pembeni yake ana cherehani ya pili, ya wifi yake, dada wa mumewe. Mumewe ni dereva wa lori, na siku alizo barabarani ni nyingi kuliko alizo nyumbani. Nyumba wanaiendesha mawifi hao wawili pamoja na mama mkwe.

"Kaptura moja haimnenepeshi mtu," anasema wifi, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na likizo. "Ukishona kaptura arobaini ndiyo unakula kama aliyeshona gauni moja la bibi harusi. Na kaptura yenyewe mtoto anaitelezea ukutani siku ya kwanza. Anarudi mama yake: fundi, uzi wako mbovu!"

Ndoto ya Fundi ni magauni ya harusi. Haifichi. Anajua kukata kola ya mviringo, anajua kushikiza lesi isivute. Tatizo ni kwamba mtaa mzima unamjua kwa kaptura, na hakuna mama anayempeleka binti yake wa harusi kwa fundi wa kaptura.

Nyota ziliingia dukani kwa mlango wa uani. Mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani alileta mfuko wa darubini uliokufa zipu. Akisubiri, akaeleza masaibu ya chama chao. Ni watu wachache wanaopenda kutazama anga, na kila mwaka huwaalika wananchi wote katika Siku ya Anga, waje wachungulie mwezi na sayari bure.

"Mwaka wa kwanza tuliwaita watu watazame nyota, tukawaonyesha mawingu," anasimulia Mwalimu. "Mwaka wa pili, mawingu. Mwaka wa tatu mvua yenyewe. Mama mmoja akaniuliza, Mwalimu, na mvua nayo mnaitazama kwa darubini?"

Wenye kiwanja, kamati ya shule, walikuwa wameanza kuguna. Siku ya Anga ikiharibika tena, kiwanja kitapewa wengine.

Fundi alisikiliza huku akibadilisha zipu. Juu ya kibaraza chake kulikuwa na turubai kuukuu lenye matundu madogo madogo, na jua la saa nane lilikuwa linapita humo. Akainua macho, akayatazama matundu yanavyong'aa. "Kwani lazima iwe usiku?" akauliza. "Mimi nikikushonea giza, nikalitoboa, si jua lenyewe litawasha nyota?"

Mwalimu akamtazama kama aliyemwagiwa maji. Kesho yake akarudi na ramani ya anga aliyoichora mwenyewe, kubwa kama shuka, inayoonyesha nyota kama azionavyo mtu aliyelala chali akitazama juu. Chama kikatafuta kitambaa: kizito, cheusi pande zote mbili, hakipitishi hata mwali.

Hapo ndipo Fundi Giza alipozaliwa. Alikata vipande virefu vya umbo la jani, akahamisha nyota za Mwalimu kwa chaki, moja baada ya nyingine. Nyota ndogo alizitoboa kwa sindano iliyochomwa moto ili kitambaa kisifumuke. Nyota kubwa alizipigilia vijicho vya chuma, vile vya viatu vya kamba. Matundu yalikaribia elfu. Ncha za vidole zikafanya malengelenge, yakapasuka, yakafanya mengine.

"Kutwa tok, tok, tok," anakumbuka wifi. "Nikamwambia, wifi, Mungu alizifanya hizi kwa neno tu, wewe unazipigia nyundo!"

Habari ikasambaa. Ikamfikia hata mwenye duka la vitambaa wa mtaa wa pili, mwanamke anayejua nguo kuliko anavyojua majirani zake. Huyu alikuwa na binti anayekaribia kuolewa, mwenye wasindikizaji wanane, na alikuwa bado hajachagua fundi. Akapita kibarazani, akashika kitambaa, akakiachia.

"Jumamosi nitakuja kulitazama likisimama," akamwambia Fundi. "Mishono ikininyookea machoni, harusi nzima ni yako. La bibi harusi na la kila msindikizaji."

Usiku huo Fundi hakupata usingizi kwa furaha. Asubuhi aliketi akaupamba upande wa nje wa hema. Juu ya kila mshono alipitisha ukanda mwembamba wa njano, umenyooka toka chini hadi kileleni, ili mtu akisimama langoni auone. Upande wa ndani aliuacha ulivyo. Uzi mweusi uliisha, akaweka mweupe, na huo ulipoisha akachukua wa sketi. Nani atatazama mishono gizani?

Jumatatu ya wiki ya tukio hema lilijazwa upepo uani kwa mara ya kwanza. Mwalimu aliingia, akatoka amejishika kichwa kwa furaha. Wa pili kuingizwa alikuwa mama mkwe.

Mama huyu alikuwa muuguzi wa wodi ya usiku enzi zake. Jicho moja lilizimwa na mtoto wa jicho. La pili lilifanyiwa upasuaji mwaka juzi, likafunguka, na tangu hapo hulilinda kama yai. Kila asubuhi kabla ya chai hulijaribu: hutazama dirisha, huona kama nondo zake zimenyooka, humshukuru Mungu, ndipo hushuka kitandani.

Walimwingiza taratibu, wakamlaza kwenye mkeka. "Haya, mwanangu, nionyeshe," akasema. Fundi akamwonyesha Nge, lile kundi la nyota lenye umbo la nge: kichwa hiki, kifua hiki chenye nyota nyekundu, mkia huu hapa umekunjia kulia.

"Kulia," mama akarudia. "Nimemshika. Mawingu yakiondoka nitamtafuta mwenyewe mlangoni pangu."

Jumanne jioni Fundi alitoka kuanua nguo kambani. Mawingu yalikuwa yameachana kidogo, na katika mwanya huo nyota za mwanzo zilikuwa zimetoka. Akamwona Nge wake, mzima mzima, juu ya paa. Akatabasamu. Kisha tabasamu likamganda usoni.

"Umewahi kumwona mwanamume amevaa shati la kike?" anauliza. "Shati ni shati, kola ipo, mikono ipo, ila vifungo viko upande usio wake. Mtu mwingine hataona. Fundi anaona akiwa mbali. Ndivyo nilivyomwona Nge. Mkia wake ulikuwa umekunjia kushoto."

Akakimbilia ndani, akaitandaza ramani ya Mwalimu sakafuni. Ramani ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa kosa la fundi hasa.

Fundi wa nguo amefundishwa kitu kimoja tangu siku ya kwanza: pambo huwekwa upande wa uso. Kifungo, lesi, nakshi, vyote hukaa upande wa nje, upande unaotazamwa. Nyota nazo alizihesabu kuwa pambo. Akazichora upande wa nje wa kitambaa, zikakaa vizuri kabisa, lakini kwa mtu aliyesimama nje. Aliyelala ndani aliona anga lote kinyume, kushoto kumekuwa kulia.

"Maisha yangu yote anayetazama nguo yuko nje," anasema. "Sijawahi kushona kitu ambacho watazamaji wako ndani yake."

Alimwita wifi, akamnong'oneza. Wifi akafikiri kidogo, akapunga mkono. "Nyamaza. Mwalimu mwenyewe kaingia, kaona? Hakuona. Mwezi huu mawingu matupu, nani atakwenda kulinganisha? Acha lipite, tushike harusi yetu."

Fundi akanyamaza. Halifichi hilo, na halimfurahishi. "Nilijiambia, ni nyota tu. Hakuna mtu anayekufa kwa sababu nge amekunjia kulia."

Jumatano jioni mwanya ukafunguka tena mawinguni. Mama mkwe akaomba kiti mlangoni. Akaketi, akainua uso, akatazama muda mrefu. Kisha akainuka peke yake, akaenda chumbani. Chakula kilipopakuliwa akasema hana njaa.

Fundi alimkuta ameketi kitandani anatazama dirisha.

"Mama, vipi?"

"Limerudi, mwanangu."

"Nini limerudi?"

"Jicho. Wewe ulinionyesha mkia umekunjia kulia, na mimi nikauona kwa jicho hili hili. Leo namtazama, naona kushoto. Jicho limeanza kunidanganya." Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Daktari aliniambia mambo yanaweza kurudi. Usimwambie mumeo. Yuko barabarani, atashika usukani na mawazo."

Fundi anaposimulia hapa husimama kidogo. Fundi akaketi chini, sakafuni, mbele ya miguu ya mama mkwe wake.

"Mama, jicho lako zima. Ni mimi. Nimezishona kinyume."

Mama akageuka kutoka dirishani. "Umejua lini?"

"Jana jioni."

"Tangu jana," mama akasema. "Na leo umeniona naomba kiti mlangoni, ukaniangalia tu."

Fundi hakujitetea. Aliomba radhi. Mama akamgusa bega. "Nimekusamehe, maana nimepata jicho langu. Lakini hebu niambie. Jumamosi mama za watu wangapi watalala humo, na wangapi watakwenda kwa daktari wa macho Jumatatu?"

Alhamisi asubuhi Fundi alimfuata Mwalimu darasani. Mwalimu alisikia, akajifunika uso kwa mikono iliyojaa chaki, akaiondoa akiwa mweupe kama mzuka. "Ndani nilikuwa nafurahia matundu," akasema. "Picha yenyewe wala sikuitazama."

Kisha akatafuta njia ya mkato. Watu watatangaziwa tu kwamba picha imegeuka, kila mtu ageuze kichwani mwake.

"Mwalimu, mtu aliyelala chali akitazama nyota hasikii tangazo," Fundi akamjibu. "Tunaligeuza hema."

"Kuligeuza tu? Kama soksi?"

"Kama soksi. Ila soksi hii ina mama wa bibi harusi."

Maana hapo ndipo penye maumivu. Uso wa kitambaa, wenye nyota zilizochorwa sawa, ukiingia ndani, anga linanyooka. Ukanda wa njano nao unaingia gizani, hauonwi na mtu. Na kinachotoka nje ni uzi wa rangi tatu, viraka na chaki. Kupiga pindo kila mshono kungetaka wiki mbili. Wao walikuwa na siku mbili, na hizo zilitosha kufumua mlango na mkono wa feni na kuvishona upya upande wa pili, basi.

Wifi alikasirika, na haki yake. "Wifi, wewe unataka tushone kaptura mpaka kaburini? Mtu kakuletea harusi mlangoni, wewe unamwonyesha matumbo ya hema?"

"Maji nimeshayavulia nguo," Fundi akasema.

"Na mimi umenivua pamoja nawe, hukuniuliza!" Wifi akasonya, akavuta kiti, akaketi kwenye cherehani yake, akashona mlango mpaka ukaisha. Hivyo ndivyo alivyo. Mdomo wake unagombana na mikono yake tangu utotoni.

Na sasa ni Jumamosi, hema limesimama kiwanjani na matumbo yake nje, na watu wanacheka. Wifi, aliyenuna tangu alfajiri, ghafla anapanda juu ya benchi. Kumcheka wifi yake ni haki yake peke yake, si ya kila mpita njia.

"Nyumba njema si mlango!" anapaza sauti. "Vua viatu, inama, ingia! Asiyeinama haoni!"

Wanainama. Wanatambaa kupitia mlango, nao ni mkono wa kitambaa, mmoja mmoja, na kicheko kinawaishia hapo hapo. Nje ni mchana wa jua kali. Ndani ni usiku, na usiku huo umejaa. Nyota zimetapakaa toka ukingoni hadi kileleni, ndogo na kubwa, nyeupe kali, kila moja ikiwaka kwa jua lile lile lililowatoa jasho muda mfupi uliopita. Kijicho cha kifua cha Nge kimebandikwa karatasi nyekundu ya peremende. Inasikika feni tu.

Kisha wingu linapita juu ya shule, na nyota zote zinafifia kwa pamoja. "Aaah!" wanalalamika watu ishirini gizani. Wingu linaondoka, nyota zinarudi, na wanapiga makofi. Mwalimu anasema ni mara ya kwanza maishani mwake wingu kumsaidia kazi.

Mama mkwe analetwa katika kundi la tatu, ameshikwa mkono huku na huku. Analala, anatafuta, anapata. Anatoka hema likiwa bado linacheka kwa watoto, anamwambia Fundi maneno mawili tu, "Sasa ndiye," na anaomba maji ya kunywa.

Saa tano na kitu, mwenye duka la vitambaa anaingia langoni na binti yake. Fundi anajifuta mikono kwenye sketi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Mama wa bibi harusi halitazami anga wala watu. Analizunguka hema polepole, mzunguko mzima, anakamata mshono, anaupitisha kati ya vidole, pale uzi mweupe unapokutana na wa sketi. "Hii ndiyo kazi yenyewe?"

"Ndiyo, Mama. Imegeuzwa. Uzuri wake uko ndani."

"Kwa nini?"

Fundi anamweleza, la Nge na la shati la kike, hata la jicho la mama mkwe. Anaeleza huku anajua haitasaidia. Mama anaitikia, "Aa." Binti anamvuta mkono: waingie. Mama anakataa, anavutwa tena, na hatimaye, kwa kununa, anavua viatu vyake vya kisigino, anainama na kutambaa.

Anapotoka ana vumbi magotini. Anavaa viatu bila kumtazama mtu. "Tutazungumza, Fundi," anasema.

Na kila anayeishi na watu anajua maana ya tutazungumza.

Siku hiyo foleni haikukatika mpaka jua lilipolala na nyota za hema zikazima zenyewe. Walioingia walikuwa wengi kuliko waliokuja miaka yote mitatu ikijumlishwa. Wenye kiwanja waliingia na wake zao, wakatoka wakiuliza mwakani ni tarehe ngapi.

Jumapili mchana ujumbe uliingia kwenye simu ya wifi. Harusi imepewa fundi mwingine. Mwenye duka alishukuru kwa juhudi.

"Niliumia," anasema Fundi. "Watu wanataka niseme sikuumia kwa sababu nilifanya la haki. Niliumia, nikaenda nyuma ya sketi za shule zilizotundikwa nikalia, na wifi yangu akaja akalia upande wa pili wa sketi. Magauni tisa, bwana! Ningeshona mpaka lesi ininukie mikononi."

Kisha wakarudi kwenye kaptura, maana muhula ulikuwa unafunguliwa na kaptura hazimsubiri mtu amalize kulia.

Jumanne jioni mawingu yaliondoka kabisa, mara ya kwanza mwezi ule. Fundi alikuwa anaosha vyombo simu ilipolia. Sauti ilikuwa ya mwenye duka la vitambaa, na haikusalimia.

"Fundi, nimesimama uani kwangu. Juu ya paa la jirani kuna kitu kama ndoana. Kina nyota nyekundu kifuani. Ndiye?"

Fundi akafunga bomba. "Mkia umekunjia wapi, Mama?"

"Kushoto. Kama ule wa ndani."

"Basi ndiye."

"Lo." Ikasikika mtu anavuta pumzi. "Miaka hamsini nimeishi chini yake, sijawahi kumwona." Kisha akarudi kwenye biashara. "Sikiliza. La bibi harusi na ya wasindikizaji yameshapimwa kwingine, hayo yamepita, siwezi kumnyang'anya mtu kazi."

"Naelewa, Mama."

"Ila langu mimi, la mama wa bibi harusi, bado. Harusi ya binti wangu wa kwanza gauni lilinipendeza nje, ungesema nimemwagiwa. Nilipoinama kuwasalimu wakwe likaachia ubavuni kote. Ndani lilikuwa limeshikizwa kienyeji, fundi kanifichia. Wewe ndani yako nimeshaiona. Ni mbaya, Fundi, nisikudanganye. Uzi wa rangi tatu! Lakini feni imepuliza kutwa, watu wameegemea, na hakuna mshono hata mmoja ulioachia. Na kosa lako ulinionyesha mwenyewe, sikulitafuta. Kesho njoo na futi."

Wifi alikuwa mlangoni amejiziba mdomo kwa mikono miwili asipige kigelegele kabla simu haijakatwa. Hakufanikiwa.

Kwa hiyo siku hizi kibarazani pana kazi mbili zilizozisukuma kaptura pembeni. Moja ni hema la pili, la anga la ile nusu ya mwaka ambayo Nge haonekani usiku na Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, hupanda mapema. Chama kimeomba liwe kubwa zaidi, kwa sababu shule tatu zimeliomba na hospitali moja inataka lisimamishwe kwenye ua wa wodi ya watoto. Safari hii kila mshono Fundi anaukunja na kuulaza pande zote mbili, na wifi anauhakiki huku akilalamika.

Ya pili ni gauni la kitambaa laini cha rangi ya kijani, limevikwa kwenye sanamu ya dukani, bado halina mikono. Fundi anatumaini litakapopita mbele ya wageni, mama mwingine atauliza limeshonwa wapi. Harusi nzima, anasema, itakuja siku yake.

Mwenye gauni amekuja kulijaribu mara moja. Alipolivua, hakulitundika. Aliligeuza pale pale, mbele ya wateja, akapitisha kidole kwenye kila mshono, kimyakimya, toka kwapani mpaka pindoni.

Wifi alisimamisha cherehani yake, akamtazama Fundi. Fundi hakuinua hata kichwa, aliendelea kukanyaga cherehani yake.

"Mwache ageuze," akamwambia wifi. "Ndiyo kazi ninayotaka kushona sasa."